Dawa ya Kifafa

Garissa,
14 Novemba 1999

Kwa dada yangu Arbia, Banissa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Issack na wote waliomo nyumbani, pamoja na ngamia waliosalia baada ya kiangazi hiki. Mimi huku, alhamdulillahi, napumua. Naimo na watoto wanakusalimu sana. Mdogo ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Nakusalimu na wewe Sahro, abti, mpwa wangu, maana najua ndiwe uliyeishika barua hii ukimfasiria mama yako sentensi baada ya sentensi. Soma polepole kama kawaida yako, na usiruke neno hata kama halikupendezi.

Dada, barua yako niliipata wiki tatu zilizopita kwa mkono wa dereva wa miraa aliyetoka Mandera. Nimechelewa kujibu, wala si kazi iliyonichelewesha. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini sileti tena zile pesa za kila mwezi. La pili, ulinitaka nimtafute mtu wa hapa Garissa aliyewaambia watu wa Yarow kwamba binti yako ana kifafa, hata wakaja kuvunja posa na kuondoka bila kunywa chai. Ulisema nikimpata nikuletee jina lake, ili umwombee dua mbaya kila baada ya swala. Nitakujibu yote mawili. Ila jibu la pili limo ndani ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Mimi ni mgonjwa. Utashangaa, kwa sababu ulipokuja mara ya mwisho ulinitazama tumbo ukasema mashallah, mji umenikubali. Dada, ule haukuwa unene wa raha. Huwa nakula chakula cha watu wanne au watano kwa kikao kimoja, bila njaa, bila hata kusikia ladha, nikiwa peke yangu kwenye kabini ya lori na vioo nimevipandisha. Naanza na mkate, nafuatisha wa pili, kisha tende, kisha maharagwe ya kopo, na vikiisha nachota sukari kwa kiganja. Mkono unakwenda wenyewe na mimi nautazama. Siachi mpaka niumie, na nikishaumia nalia. Halafu nafuta mdomo, nashuka, nakaa na wenzangu kwenye sinia nikigusagusa wali kama mtu mwenye adabu zake.

Ilianza baada ya mvua za El Nino, lori lilipokwama kwenye tope siku tisa njia ya Liboi nikawa naishi kwa mahindi mabichi na maji ya dimbwi. Lakini madereva wengi walikwama mwaka ule, na leo wanakula kama watu. Sijui kwa nini iwe mimi.

Na fikiria kazi yenyewe. Nilikuwa nikipeleka chakula cha msaada Dadaab. Nikishusha magunia mbele ya akina mama waliopanga foleni tangu alfajiri na kadi za mgao mkononi, kisha nikirudi kwenye kabini na kula mpaka pumzi inakata. Ningemwambia nani? Kwetu sisi mtu anaumwa kwa kukosa chakula, haumwi kwa kula. Wangecheka, au wangemwita sheikh anisomee, au wangeniita mlafi na mambo yaishie hapo. Naimo mwenyewe, alipoona mshahara unayeyuka na mabaki ya mikate chini ya kiti cha lori, aliamini nina mke wa pili. Nilipomweleza ukweli alisema ni heri angekuwa mke wa pili, huyo angejua jinsi ya kupigana naye.

Ndiye aliyenisukuma nikamwone daktari bingwa Nairobi. Daktari hakucheka. Aliniambia ugonjwa huo upo na amewahi kuutibu kwa wengine, ila hakuna kidonge kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kuna dawa mpya ya kifafa, akasema, ambayo madaktari wa ng'ambo wameona inatuliza pia ulaji wa namna hii. Haijaandikwa hivyo kwenye karatasi ya dawa, lakini yuko tayari kuijaribu nami kama naridhia. Niliridhia. Naimo akauza herini zake mbili za dhahabu, zile ulizomletea harusini, tukanunua vidonge vya mwezi mmoja.

Dada, ilifanya kazi. Wiki ya tatu nilikuwa nakula na wenzangu Modogashe, nikasikia nimeshiba. Nilikuwa nimesahau jambo hilo lilivyo. Nilinawa mikono nikasimama, na hakuna aliyejua kwamba kitu kikubwa kimetokea pale. Nilikwenda nyuma ya lori nikasujudu.

Lakini vidonge vya mwezi mmoja vilikula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Hapo ndipo pesa zako ziliposimama. Nilikuandikia kwamba shirika limetupunguzia mishahara. Ulikuwa uongo, unisamehe.

Shirika letu lilikuwa na bima ya matibabu kwa wafanyakazi wenye mkataba. Nikapeleka fomu ya daktari. Kampuni ya bima ikajibu kwa mistari mitatu kwamba dawa hii wanailipia kwa kifafa tu, ugonjwa wangu haumo kwenye orodha yao, na kama ni wa akili basi bima haiugusi kabisa. Nikapanda basi mpaka Nairobi kuwaona uso kwa uso. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya kioo alinisikiliza vizuri, hata akaniagizia maji. Kisha akaniambia kwa upole, "Pole sana. Ungekuwa na kifafa, tungelipa leo leo." Hakuwa ananidhihaki. Nilirudi na maneno hayo mpaka Garissa, na kila kituo yalizidi kunipendeza.

Daktari wa Nairobi nilipomwomba abadilishe alikataa. Alisema hawezi kumwandikia mtu ugonjwa asio nao. Basi nikamtafuta mwingine hapa mjini, mwenye zahanati yake, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto. Aliandika kifafa, akagonga muhuri. Fomu ikarudishwa mara moja ili tuongeze maelezo, tukayaongeza, na hayo nitakuja kukueleza. Baadaye ikakubaliwa. Miezi minne nilipata dawa bila kutoa shilingi, na miezi minne nikawa mtu.

Mwezi wa tano tangu bima ikubali, mkuu wa magari aliniita ofisini na kuniomba funguo. Makao makuu walikuwa wamepitia karatasi za bima wakaona wana dereva mwenye kifafa anayebeba tani kumi barabarani. Alikuwa na haki, dada. Mimi pia ningejinyang'anya. Wakanionea huruma, wakaniweka langoni niandike namba za malori yanayoingia na kutoka. Ila mtu wa langoni ni kibarua, na kibarua hana bima. Mwisho wa Agosti vidonge vikaisha. Katikati ya Septemba mkono ulianza tena kwenda wenyewe. Sasa sina hata kabini ya kujifichia, nakula chooni kwenye plot yetu. Naimo anawapa watoto chakula mapema kabla sijarudi. Daktari wa Nairobi bado ananiandikia cheti kila nikimpigia simu, lakini cheti hakinunui dawa.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Fomu iliporudishwa, kampuni ilisema mtu wa miaka thelathini na sita haanzi kifafa ghafla bila sababu. Ama niende Nairobi nikapigwe picha ya kichwa, ambayo ingenionyesha sina kitu, ama nionyeshe kwamba ugonjwa uko kwenye damu yetu. Palikuwa na mistari ya kujaza: jina la ndugu mwenye ugonjwa huo, uhusiano wake na mgonjwa, na tangu lini. Yule wa zahanati alisema niandike jina lolote la ndugu wa karibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mfukoni nilikuwa na barua yako ya mwezi ule, na nyuma ya bahasha mwandishi alikuwa ameandika jina lake vizuri sana, kwa herufi za kuzungusha.

Niliandika: Sahro Issack, binti wa dada yangu, anaanguka tangu utotoni.

Nilijiambia Banissa ni mbali. Nilijiambia karatasi za bima husomwa Nairobi na watu wasiotujua, kisha zinafungiwa kabatini. Nilisahau kwamba kabla hazijafika Nairobi hupitia kwa karani wetu, Abdifatah, na kwamba mama yake Abdifatah na baba yake Yarow wamenyonya ziwa moja. Watu wa Yarow walipotaka kujua kama ukoo wenu una maradhi, kama ilivyo desturi, walimwuliza yeye kwa kuwa anafanya kazi na mjomba wa bibi arusi. Hakuongeza wala hakupunguza. Aliwaambia alichokisoma. Hakuna mtu wa kumtafuta Garissa, dada. Mtu uliyemtuma kumtafuta mwongo ndiye mwongo mwenyewe. Ile dua, kama umeshaianza, ilikuwa inanipata mimi.

Usidhani nimekaa kimya. Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Abdifatah nikamweleza yote, ulaji wangu, dawa, fomu, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Keynan, karatasi iko na muhuri. Wewe huna muhuri." Alisema pia kwamba mjomba yeyote angekuja kusema hivyo hivyo ili amwokoe mpwa wake, na kwamba hata angeniamini, Yarow ameshaoa msichana mwingine huko Rhamu wiki iliyopita. Nikaenda kwa yule wa zahanati nimwombe aandike kwamba alikosea. Alifunga mlango akaniuliza kama nataka tufungwe sote wawili.

Hayo yote ni makubwa, lakini kuna jambo moja ndani ya barua yako ambalo siwezi kulibeba. Mwishoni uliniuliza pia kama, wakati Sahro alipokuwa akisoma bweni Mandera, niliwahi kusikia kwamba alianguka na wenzake wakamfichia. Ulisema siku hizi humwachi akae na moto peke yake wala kwenda kisimani bila mtu, na kwamba akilala unamtazama. Yaani na wewe umeanza kuamini. Na maneno hayo, abti Sahro, ni wewe uliyeyaandika kwa mkono wako, mama yako akiyasema juu yako ukiwa umekaa mbele yake. Hukuruka hata moja. Nimeisoma barua ile mara nyingi, na kila mara nashindwa kupita mstari huo.

Sahro, sasa nasema na wewe. Sikuombi msamaha, maana msamaha wako haukurudishii kitu na mimi ungenipa usingizi nisioustahili. Nakuomba jambo moja la kazi. Najua mama yako hajui kusoma, na najua kama ukimfasiria haya, kwamba huna ugonjwa na kwamba mjomba ndiye aliyeutunga, atakutazama kwa huruma na kusema moyoni kwamba mtoto ameyatunga ili apone aibu. Mdomo wako ndio pekee ambao hauwezi kukutetea. Kwa hiyo ukifika hapa, ikunje barua hii. Mpelekee Mwalimu Jarso wa shule ya msingi, aje aisome upya tangu juu, mama yako na baba yako wakiwepo, na mzee yeyote atakayetaka kuingia aingie. Asome na ile habari ya sukari, na ya chooni. Watanicheka Banissa nzima, na nadhani hata wakicheka mpaka wachoke hakuna atakayerudi kukuposa kwa sababu ya barua. Lakini labda mama yako atakuacha uende kisimani peke yako.

Dada Arbia, sina haki ya kukutuma salamu, ila desturi ni desturi. Msalimu shemeji Issack, nami sijui nitamtazamaje. Wasalimu watoto wote, na majirani walioniuliza. Kama utaamua kwamba mtoto wa mama yako alikufa kwenye tope la Liboi mwaka ule wa mvua, nitaelewa, na nitaendelea kukuombea.

Wabillahi tawfiq. Aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe, bila kulazimishwa, ni ndugu yako Keynan, ambaye hajawahi kuanguka kifafa hata siku moja, yeye wala binti yako.