Jina Lako Kidato cha Tano

Rukia, rafiki yangu,

Ustadhi alitufundisha kwamba walio makaburini hutolewa salamu kama walio hai. Basi, assalaam alaikum. Kaburi lako sijaliona. Siku ya mazishi sisi wanawake tulibaki ndani na mama yako, na tangu hapo sijafika tena Moa. Salamu naitoa kutoka hapa Nguvumali, darasani, wakati wa mapumziko. Wenzangu wako nje wanakula mihogo. Mimi nimebaki.

Shule yetu sasa ina kidato cha tano chake, cha wasichana peke yao. Nilitaka uisikie habari hii kwangu, kwa sababu wewe uliingoja kuliko sisi sote. Unakumbuka ilivyokuwa. Msichana wa kwetu akifaulu, alivuka barabara kwenda kumalizia kidato cha tano na sita katika shule ya wavulana. Dada zetu waliotangulia walituhadithia: kwenye maabara wavulana walizunguka meza na kushika vifaa, wao wakikaa nyuma wakinakili majibu. Siku bodi ilipotangaza kwamba tutajitenga, ulipanda juu ya benchi ukasema, "Sasa hata chupa tukiivunja, tutaivunja kwa mikono yetu wenyewe." Mwalimu wa zamu alikuteremsha kwa sikio, nawe uliendelea kucheka huku sikio liko mkononi mwake.

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi, wanaotaka sayansi waandike majina. Uliandika lako kwa herufi kubwa kuliko za wote, kisha ukaandika na langu bila kuniuliza. Bodi ilisema wasichana wasipotimia wanane, darasa la sayansi halifunguliwi. Tulitimia wanane kamili, nawe ulikuwa mmoja wao.

Kisha mtihani, kisha ukaenda kwenu kusubiri matokeo. Yalitoka ungali hai, nashukuru kwa hilo. Nilikupigia simu nikakusomea, ukaniambia nirudie alama ya baiolojia, nikairudia mara tatu. Masika yalipoingia, ule ugonjwa wako wa selimundu ulikuzidi.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimefanya jambo.

Jina lako halikuondolewa kwenye ile karatasi. Sisi tulikuwa tumeshamaliza shule, kila mmoja yuko kwao, na kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kutoa taarifa ofisini. Karatasi ikakabidhiwa kwa mwalimu mgeni, Mwalimu Tumaini, mama mmoja kutoka Lushoto aliyeletwa kusimamia kidato cha tano. Hakukujua. Kabla ya kufungua alituita na wazazi ukumbini, mbele ya bodi, asome majina na kuthibitisha kwamba wanane wapo. Mimi nilikwenda na bibi. Nilimshika mkono, maana jicho la pili nalo limeanza ukungu.

Ulikuwa unajua hali yangu. Serikali imenipangia shule ya bweni, kusini kabisa. Mama yuko Dar kwa kazi yake, na dawa ya macho ya bibi naitia mimi, asubuhi na jioni. Shule ya wavulana nayo ilishatuambia kwamba tukijitenga haitatupokea tena. Kama darasa hili lisingefunguliwa, ningebaki nyumbani. Nilikaa kwenye benchi nikisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo.

Mwalimu akaanza. Mwanaidi, nikaitika. Nuru, akaitika. Kisha akasema, "Rukia."

Rukia, miaka minne nilikuitikia. Asubuhi ambazo viungo vilikuuma na ulichelewa, mimi ndiye niliyesema, "Yupo Mwalimu, yuko njiani." Na kweli ulikuwa njiani. Saa nne ulionekana mlangoni umeshika ukuta, na mwalimu alishakuwekea alama ya kuhudhuria. Sikufikiri. Mdomo ulitangulia, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Yupo Mwalimu, yuko njiani."

Nilitaka kusimama. Nuru alinishika mkono chini ya mtandio wake akanong'ona, "Kaa, we. Kaa hapo hapo." Mwalimu akaweka alama, akaendelea na Salma. Wanane. Wazazi wakapiga makofi. Bibi aliniuliza njiani, "Mke mwenzangu, huyu Rukia aliye njiani ni Rukia gani?" Nikamwambia yuko mwingine. Sikuwa nimewahi kumdanganya kabla ya siku ile.

Ikawa wiki mbili za furaha. Wenzetu waliniita mkombozi. Tatu aliniletea chungwa lililomenywa. Tulifungua maabara, Rukia. Kuna mirija mipya bado imefungwa kwenye karatasi, na mizani ambayo Mwalimu Tumaini hutuachia tuiguse. Kila nilipogusa kitu nilikuona umesimama upande wa pili wa meza. Sikufurahi hata siku moja kwa ukamilifu. Nilijiambia kwamba wewe ungekubali, kwamba ungecheka na kusema umenifaa hata baada ya kufa. Labda. Lakini hukuwepo kulisema hilo, na mimi nililisema kwa niaba yako, kama nilivyozoea.

Jumatatu moja Mwalimu aliniita chumba cha walimu. Simu ilikuwa mkononi. Akasema, "Mwanaidi, huyu rafiki yako wa njiani hafiki. Nimeipata namba ya mama yake kwenye fomu za zamani. Nimepiga mara mbili haipatikani. Huko Moa mtandao ukoje? Nataka nimuulize kwa nini hamleti mtoto shule."

Nilimwona mama yako. Nilimwona amekaa kwenye mkeka wake wa ukindu, simu inaita, anapokea, na mwanamke asiyemjua anamuuliza kwa nini hamleti Rukia shule.

Nikasema, "Usipige, Mwalimu. Rukia amefariki." Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa. Aliweka simu mezani. Kisha akasema polepole, "Yule mama angenijibu nini, Mwanaidi?" Hakunichapa. Heri angenichapa. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya jina lako, akaniambia kwamba mbele ya bodi nitasema mwenyewe, kwa sababu mbele ya bodi ndiko nilikosemea yale ya kwanza.

Nilisema. Mwenyekiti ni mzee mpole, anayeuza vipuri vya baiskeli, lakini siku ile alikasirika. "Binti, darasa halifunguliwi kwa jina la maiti," akasema. Niliomba radhi. Nikatolewa nje, nikakaa kwenye ngazi na wale wenzetu sita, na hapo ndipo nilipojua kwamba mkombozi ni mtu wa wiki mbili tu. Tatu alisema, "Haya, umeshamzika rafiki yako, sasa unatuzika na sisi." Nuru alisogea ngazi ya chini ili asikae nami. Kila mmoja wao ana bweni lake la mbali linalomngoja, si mimi peke yangu.

Ndani tulimsikia Mwalimu Tumaini. Anaongea taratibu, ila ukuta ule ni mwembamba. Aliwaambia kwamba kosa ni la mtoto mmoja na limeungamwa, na kwamba yeye yuko tayari kufundisha kemia na baiolojia zote mbili ili bodi itafute mwalimu wa fizikia tu. Mtu mmoja akauliza, "Na wanane wako wapi?" Akajibu, "Wako saba. Wamekaa ngazini, wanatusikia."

Bodi ilikubali saba, mpaka mwisho wa muhula. Akipungua mmoja, wale sita waliobaki watafute shule, na darasa lifungwe. Ndivyo ilivyo sasa. Tunahitajiana na hatusemezani. Madawati yetu ni ya watu wawili wawili. Wao sita wamejaza matatu, na mimi niko peke yangu kwenye la nne, dirishani, upande ambao ungekaa wewe kwa sababu ya upepo. Mchana wanasomeana maswali kwa sauti. Mimi nasoma kimya. Jana Salma, aliyekuwa akishindwa fizikia tangu kidato cha pili, alipita karibu na dawati langu mara mbili, daftari mkononi. Mara ya tatu alisimama. Hakuomba kitu. Nilisogea kidogo, akakaa pembeni kabisa ya benchi, nikamwonyesha swali moja. Alipolielewa aliinuka akarudi kwake bila kusema ahsante. Nimefurahi hata hivyo.

Bibi nilimweleza siku ile ile ya bodi. Akanipapasa uso kwa vidole, akasema, "Nilijua, mke mwenzangu. Nilingoja uniambie." Dawa yake inaendelea.

Leo asubuhi Mwalimu aliita majina kutoka karatasi mpya. Baada ya Nuru akasema Salma, moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, nimeshika ukingo wa dawati. Palipita haraka sana, Rukia. Mtu asiyekujua asingesikia chochote.

Kengele inakaribia. Muhula ukifungwa nitapanda gari la Moa, bibi ameniruhusu na jirani atamtilia dawa. Mama yako hajui bado. Simu ya Mwalimu haikumfikia, lakini maneno yana miguu, na sitaki ayasikie sokoni. Nitakaa naye mkekani, nitamwambia kwamba nililitumia jina la mwanawe nipate nafasi ya kusoma, na nitangoja lolote atakalosema. Akinifukuza nitaondoka kwa adabu. Akiniruhusu, nitamwomba anipeleke ulipo.

Kwaheri, rafiki yangu. Mola akupanulie kaburi lako na akupe humo pumziko ambalo viungo vyako havikukupa. Kukuitikia nimeacha. Dua sitaacha.

Wako,
Mwanaidi