Siku Sitini za Fomajo

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo nimeanza. Lita kumi za maziwa, jibini moja ya ukubwa wa sahani ndogo. Iko kwenye ile friji ya zamani ambayo mume wangu Obitre alikuwa akiwekea bia. Nimeipunguza baridi, nyuzi kumi na mbili. Alisimama jikoni na chupa zake mikononi kama mpangaji aliyefukuzwa. Akauliza huyu mgeni atakaa mpaka lini. Siku sitini, nikamwambia.

Ni kwa ajili ya Baba. Tangu Pasaka hali chakula vizuri. Lako, mke wa kaka yangu, ndiye anayemtunza kule kijijini Dranya. Anasema vijiko viwili vya uji, basi. Wiki iliyopita Baba alisema fomajo angekula. Ndivyo anavyoita jibini — neno la mapadri wa Kizungu aliowafanyia kazi ujanani. Anadai alikuwa fundi wao wa fomajo. Sisi watoto tulimcheka miaka yote, kaka yangu akisema Mzee aliosha sahani tu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumatano, 4 Juni

Kipima unyevu kinasema 48. Kitabu cha jibini kinataka 85. Ganda limepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Nikaweka bakuli la maji: 55. Bakuli la pili: 56. Mimi mtu wa maabara, kutwa hospitalini Kuluva napima damu za watu, halafu friji inanishinda.

Nikampigia Baba. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema friji inakunywa maji kuliko ng'ombe. Kwa mapadri jibini ilikaa chini ya nyumba, katikati ya mawe yanayotoka jasho.

"Tia yeye kwa sanduku. Na kitambaa ya maji kando."

Kwake jibini ni "yeye". Haya. Nimemwaga unga, nimechukua sanduku la plastiki ulimokuwa. Ufa nimeupaka samli.

Jumamosi, 7 Juni

97! Matone yananing'inia kwenye kifuniko, jibini imelowa, na upande mmoja ukungu wa buluu. Obitre akachungulia, akasema mgeni wangu ameota ndevu.

Baba kwenye simu: "Umemuzika, Kiden. Hapana funga kabisa. Yeye nataka pumua."

Niache kifuniko wazi kwa unene wa kalamu, akasema. Nimesugua ukungu kwa maji ya chumvi, nimekausha kifuniko. Jioni: 86. Nilipiga makofi peke yangu jikoni.

Jumanne, 17 Juni

84, 85, 84. Kila asubuhi nageuza, napangusa. Siku hizi Baba anapiga simu mwenyewe, kabla sijaenda kazini. Hasalimii. "Ngapi?" Nikisema 85 anaguna kidogo, kama anayeonja mchuzi. Leo nilisema 79. Akauliza kama Obitre naye namwacha akauke hivyo.

Alhamisi, 26 Juni

Umeme hakuna tangu jana mchana. Friji ilikuwa imefika nyuzi 21 nilipotoka. Kazini nilipiga simu nyumbani mara nne, haikupokelewa. Nimerudi — friji tupu. Nikatoka nje mbio.

Obitre alikuwa amebeba sanduku hadi nyuma ya nyumba, kwenye saruji upande usiopata jua. Amelifunika gunia bichi, analimwagia maji kidogo kidogo, ameketi kwenye kiti kama mlinzi. Simu ameisahau ndani. Kwenye sanduku: nyuzi 17, unyevu 88. Dukani kwake hakwenda siku nzima.

Nikafungua mdomo kumshukuru. Akaniwahi: "Hapana ambia watu mimi nachunga maziwa."

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi kutoka Dranya. Baba amekonda, shati linamcheza mwilini. Nilimpelekea kile kitambaa ninachopangusia ili anuse. Akanusa muda mrefu, macho yamefumba.

"Bado mutoto."

Lako alipotoka kuchota maji, Baba akasema bila kuniangalia:

"Kiden. Mimi hapana tengeneza fomajo. Padri ndio alitengeneza. Mimi nageuza. Napangusa. Miaka kumi na moja."

Basi kaka yangu alisema kweli, nusu. Nikangoja kile kicheko changu cha zamani kije. Hakikuja. Yote niliyofaulu na sanduku hili yametoka kwa mtu wa kugeuza. Nikamwambia padri alifanya kazi siku moja, wewe siku zote zilizobaki. Akaniambia niache kumbembeleza, yeye si mgonjwa wangu wa Kuluva. Kisha akanywa uji, kikombe kizima. Lako alirudi, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku sitini na mbili sasa. Nimekuja kwa basi na sanduku mapajani mpaka Koboko, kisha boda hadi Dranya. Naandika nikiwa kando ya kitanda chake.

Hajanyanyuka tangu Jumatano. Sauti imebaki ndogo. Lako ameleta sahani na kisu. Tukamwinua Baba kwa mito. Akagonga ganda kwa kidole, sikio karibu, mara tatu. Akaomba alazwe tena.

"Siku kumi bado."

Nikasema Baba, sitini zimepita. Akasema padri pia alikuwa na haraka, na fomajo yake ya kwanza ililiwa na nguruwe.

Lako akanivuta hadi mlangoni. "Dada, kata sasa. Jana hata maji yeye natapika."

Nikarudi na kisu. Nilidhani amelala.

"Ngapi?"

Nikatazama. 76. Safari imeikausha.

"Lowesha kitambaa."

Nimeketi niandike haya kwanza. Kisu kiko kwenye sahani, kitambaa kiko magotini, kikavu. Lako bado amesimama mlangoni, anaangalia kisu. Baba hajafumbua macho, lakini ameshaniuliza mara mbili maji yako wapi. Naweka kalamu, nachukua kitambaa.