MAPANGA MATATU YA MTAMBO WA UPEPO

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati ya Umeme Nafuu wa Upepo, Jumamosi, ndani ya karakana ya Mchomeleaji, saa 8:40 mchana (kiliitishwa saa 7:00).

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Mchomeleaji, Kinyozi, Mnunuzi wa Vifaa (shemeji yake Mwenyekiti), Katibu.
Asiyehudhuria: Fundi Redio, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Kinyozi alisema shukrani hazinyoi nywele; umeme ulikatika Alhamisi na mteja wake hadi leo anatembea amenyolewa upande mmoja.

KUMB. NA. 2/ MAPANGA
Mwenyekiti alieleza kwamba mchoro ulitaka mapanga matatu mepesi ya bati, kama ya feni. Mnunuzi ameleta mapanga matatu ya kufyekea. Alipoulizwa, alijibu: "Katibu aliandika 'mapanga matatu, yakate upepo vizuri.' Nimeleta, na nimeyanoa. Wazo ni lake, kosa langu liko wapi?"

Katibu alieleza, kwa upole wa kutosha, kwamba mtu mzima aliyewahi kuona feni hahitaji kuchorewa. Mnunuzi alitoa hoja Katibu avuliwe ukatibu. Katibu ameshika kazi hii miaka sita bila kupewa hata kalamu. Ilimuuma, na inaandikwa hapa kwamba ilimuuma.

KUMB. NA. 3/ TAARIFA YA MCHOMELEAJI
Mchomeleaji aliomba radhi kukatiza, akasema mapanga ameshayachomelea kwenye dinamo tangu asubuhi. Kwa kuwa nguzo ndefu haijafika, mtambo ameusimamisha kwa muda kwenye kigingi cha kimo cha kifua, mbele ya mlango wa karakana, na waya ameuvuta hadi kwenye taa na mashine ya Kinyozi. Mwenyekiti alisema, "Na wewe pia, jamani!"

KUMB. NA. 4/ KURA
Mnunuzi na Mwenyekiti walikuwa wameshanyoosha mikono kumwondoa Katibu, na Kinyozi anainua wake, upepo ulipovuma. Mtambo ulizunguka. Taa iliwaka, mashine ya kunyolea ikanguruma mezani. Kinyozi alishusha mkono, akaikumbatia mashine yake. Mwenyekiti naye alishusha wake, akajifanya anajikuna.

Mnunuzi aliomba iandikwe kwamba wazo la mapanga makali lilikuwa lake. Katibu alimsomea KUMB. NA. 2, kwa sauti, mara mbili. Hoja ya kumwondoa Katibu ilianguka.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 9:35 alasiri. Ilipendekezwa Mnunuzi atangulie kutoka, kwa kuwa ndiye aliyeyanoa. Alikataa katakata. Wajumbe walitoka saa 12:20 jioni, upepo ulipotulia.

Mwenyekiti: ....................
Katibu (angali yeye): ....................