Kidonge Kinachozima Ndoto za Mama

Mpendwa Shangazi Lumène,

Nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikishona, na leo ni zamu yangu kukuomba unisaidie, maana padri namwonea haya na majirani wenyewe wamo ndani ya jambo hili. Naitwa Rosemène, mshonaji wa hapa Jacmel, Haiti, nina miaka arobaini na moja, naishi na mama yangu Dieula na kaka yangu Wilner, fundi rangi ambaye siku hizi brashi zake zimekauka ndani ya kopo kwa sababu ya bahati nasibu, bolèti.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, tangu hapo akawa anashikwa na kifafa, daktari akampa kidonge cha kumeza kila jioni, na kweli kifafa kilikoma, ila mama akawa analala kama gogo na asubuhi hana la kusimulia. Mwezi wa pili dawa zikakosekana madukani kwa siku nne, na siku ya tatu mama akaamka akasema, "Nimemwona marehemu baba yenu kapanda farasi mweupe, ananiita nimpe kofia yake." Wilner hata hali hakumjulia, alifungua kitabu cha ndoto, kile kinachokipa kila kitu namba yake ya kuchezea, akatafuta namba ya farasi, akakimbilia kibanda cha bolèti, na jioni namba ya farasi ikatoka. Shangazi, nami nilikuwa nimempa pesa yangu, gudi hamsini, aniwekee. Cherehani ninayoshonea leo ilitokana na farasi yule.

Dawa ziliporudi Wilner alizinunua lakini hakumpa mama, nikaikuta paketi nyuma ya picha ya Bikira Maria, nikamwambia, "Kaka, utamuua mama." Akacheka. "Nitamuua vipi na ndio kwanza kachangamka? Kidonge hiki kinazima ndoto, Rosemène. We unataka tukae maskini huku mama anakoroma?" Nami nikairudisha paketi nyuma ya picha, nikarudi kwenye cherehani, na hilo ndilo linaloniuma.

Habari zikaenea mtaani, kila asubuhi kabla sijawasha mkaa watu wameshajaa uani, mwashi, mwalimu wa shule, na muuza samaki Madan Anélus, ambaye aliuza mbuzi wake wawili ili aifuate ndoto ya mama ya daraja, na namba ya daraja haikutoka. Kesho yake akasimama mlangoni, "We bibi, umeota kweli au umetulisha usingizi uliochacha?" Watu wakaangua kicheko, mama akalia, na tangu siku ile nadhani ndoto nyingine anazitunga, maana zimejaa wanyama kama safina.

Wiki iliyopita kifafa kilimshika karibu na jiko, mkono wake wa kulia ukaungua mpaka kiwiko. Nikiwa namfunga bandeji nilimwambia namrudishia dawa, akanishika kwa mkono mzima akasema, "Niache, mwanangu. Nilipokuwa nalala vizuri nani alikuja kunijulia hali? Sasa hata mwalimu ananiita mama."

Nifanyeje? Nikimpa kidonge namnyima watu, nisipompa namzika. Na niambie jambo moja, Shangazi, maana linanitafuna: farasi yule alitoka kweli. Je, ndoto zinajua kitu?

Rosemène

*

Rosemène mwanangu,

Nikiri kwanza. Nilipofika kwenye farasi mweupe, mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu kutafuta namba yake. Mimi, niliyekalia kiti hiki miaka kumi na sita nikikaripia watu! Kwa hiyo sisemi nawe kama mtakatifu.

Swali lako nimejiuliza tangu utotoni, maana bibi yangu alicheza hadi siku anakufa. Jibu nililofikia ni hili. Namba ziko mia tu, na mtaa mzima unaota. Hakosekani mmoja wa kupatia, na huyo ndiye tunayemsimulia mwaka mzima. Farasi umemkumbuka. Daraja je? Na safina nzima? Hebu niambie: umewahi kumwona mwenye kibanda uani kwenu akiuliza mama kaota nini? Haji. Yeye hula kwa ndoto zenu zisizotimia.

Sasa sikia ukali wangu. Wilner alificha dawa, nawe ukafumba macho. Usimbebeshe yeye mzigo wote. Uliona paketi, ukarudi kukaa kwenye cherehani. Mama yenu, mjane, aliota mumewe anamwomba kofia, na hakuna kati yenu aliyemuuliza ni kofia gani, wala kama baba alikuwa anatabasamu. Mlimsikia farasi tu.

Leo, si kesho, toa paketi nyuma ya Bikira Maria na umpeleke mama kwa daktari. Auangalie mkono, na akwambie kidonge kianze vipi tena baada ya kukatizwa. Kuanzia hapo dawa ikae mfukoni mwako. Mwambie Wilner mbele ya mama, "Ukiigusa tena, tutaonana kwa hakimu." Na uwe tayari kwenda, hata kama ni kaka yako.

Mama hapendi bolèti. Anapenda kupigiwa hodi. Toa cherehani chumbani uiweke barazani, ubavuni mwa kiti chake, ili kila anayekuja kupimwa nguo amsalimie yeye kwanza. Wanaokuja kuulizia ndoto waambie ndoto zimekwisha, kahawa ipo. Wengi watageuka hapo hapo, waache. Watakaobaki ndio wageni wake, hata wakiwa wawili. Halafu nenda mwenyewe kwa Madan Anélus ukamwombe radhi. Usingoje yeye aje, na usijitetee. Mbuzi wake walipotelea uani kwenu.

Mama atakununia, mwanangu, pengine wiki nzima. Vumilia. Na asubuhi ile ya kwanza atakapokwambia kwa huzuni, "Leo sikuota kitu," usimpe pole. Mwambie, "Umelala vizuri, mama," kisha kaa nyuma yake umsuke nywele.

Shangazi Lumène