Picha Yangu ya Mapera

Jumamosi, 27 Januari

Usafi wa mwaka mpya wetu, ule wa kalenda ya mwezi. Nimeshusha picha zote za sebuleni nioshe ukuta. Nikazipanga sakafuni, nikawa nafuta vumbi moja moja. Mdogo wangu Teng-fa na kofia ya kuhitimu. Teng-fa na bi harusi. Teng-fa na gari. Watoto wa Teng-fa wachanga, wako shule, wako jeshini. Hata mbwa wa Teng-fa ana fremu!

Mimi? Kiwiko. Kwenye picha ya harusi, pembeni kabisa, kuna kiwiko na ncha ya sinia ya chai. Changu hicho.

Nimezaliwa nyumba hii. Nimemuuguza Mama humu mpaka akafa. Sasa namlisha Baba uji tangu alipopooza upande. Teng-fa anakaa Taipei, anakuja sikukuu na kasha la matunda. Lakini mgeni akiingia atadhani nyumba hii ilizaa mtoto mmoja na mbwa.

Hasira zimenipanda mpaka nimepiga teke ndoo. Nimedeki mara mbili.

Jumatatu, 29 Januari

Nimevuta sanduku la chini ya kitanda. Nilidhani nitakuta picha mbili tatu. Loh! Kumbe nimeishi.

Mimi na wenzangu kiwandani, tumevaa soksi mikononi tunazichezesha kama vikaragosi – msimamizi alitufokea wiki nzima. Mimi juu ya pikipiki, nywele hewani. Mimi baharini na nguo nyekundu ya kuogelea, mapaja nje! Mimi na Mama kitandani kwake, mwaka wake wa mwisho, tunacheka sijui nini. Na moja niliyoisahau kabisa: niko peke yangu shambani kwa kina rafiki yangu Hsiu-chin, nimekumbatia mapera, nacheka mpaka fizi. Siku hiyo nilikuwa na raha tele. Sikuwa namsubiri mtu.

Nimelia kidogo. Si kwa huzuni. Nimechagua sita. Ya mapera itakuzwa.

Alhamisi, 1 Februari

Zimetundikwa! Fremu nimechukua zilizokuwepo dukani, nyeusi. Ya mapera ndiyo kubwa, nimeiweka juu, katikati, inatazama mlango. Za Teng-fa nimezisogeza tu, sijatupa hata moja. Mbwa amehamia jikoni.

Baba kaitazama muda mrefu. Maneno yanamtoka kwa shida. "Mapera... ya nani?" Nikamwambia ya kina Hsiu-chin. "Ulinibakishia?" Tumecheka wote wawili, uji ukamtoka puani.

Alasiri kaja Bi A-ho, jirani, kuazima sufuria ya mvuke. Kafika mlangoni, kaona picha, kaunganisha viganja, kainamisha kichwa. "Jamani! Nani tena?" Kisha akaniona nimesimama pale na mwiko. Ukelele wake ulisikika mtaa wa pili! Mtu mmoja, fremu nyeusi, juu, anatazama mlango – hiyo ya maiti, Pi-lien, toa!

Na chumvi yote niliyokula, nimesahau! Nimecheka hadi nikakaa chini. Lakini sitoi. Anayetaka ushahidi kwamba nipo hai aje nimpikie.

Jumapili, 4 Februari

Bi A-ho hana kifua. Teng-fa kapiga simu, hata salamu hakuna. "Dada, umetundika picha ya maiti sebuleni kwa Baba?" Nikamjibu maiti mwenyewe ndiye anaongea. Hakucheka. Eti namwitia Baba mkosi. Eti Yu-cheng, mwanawe mkubwa, analeta mchumba sikukuu hii, binti wa watu aingie aone nini?

"Aone shangazi wa bwana harusi," nikasema.

"Na ile nguo ya kuogelea, dada!"

Nikamwambia kama tatizo ni weusi wa fremu, nitazipaka nyekundu. Kanyamaza. Kanyamaza sana! Basi nikajua weusi haukuwa tatizo. Nimemkatia simu.

Jumatano, 7 Februari

Nyekundu zote sita. Zinawaka. Bi A-ho kaja kukagua. "Haya, maiti kawa bi harusi." Mdomo huo! Lakini kakiri ya mapera imenitoa vizuri.

Alhamisi, 8 Februari

Wamefika asubuhi. Nimeenda sokoni kununua samaki. Nimerudi – ukuta umerudishwa ulivyokuwa! Za Teng-fa palepale pa zamani, mpaka mbwa. Zangu hakuna hata moja. Mei-chiao, mkewe, anajifuta vumbi mikononi.

"Usikasirike, wifi. Zile tano ziko kwenye droo yako. Ile ya mapera iko garini, tumeifunga na taulo. Ni nzuri mno, tutakutunzia."

Mnitunzie ya nini?

Wakatazamana. Teng-fa ndiye aliyesema. "Dada, tusifichane. Binti asiyeolewa akifa, jina lake haliwekwi kwenye meza ya mababu ya kwao, hilo unalijua. Sasa nimeshakuchukulia nafasi hekaluni, Taipei. Pazuri, pana kiyoyozi. Siku yako ikifika watataka picha. Pale umependeza."

Pana kiyoyozi!!

Nikiwa hai sifai ukutani. Nikifa, picha ileile imependeza! Na kasema kwa upole, anadhani kanifanyia hisani, anangoja asante! Nilitaka kumkoma nyani giladi, nikageuka. Nimeingia jikoni kuparua samaki. Magamba yamefika darini.

Baba kauliza mara mbili Pi-lien kaenda wapi. Niko hapa, Baba. Akaonyesha ukuta.

Ijumaa, 9 Februari

Naandika nimesimama. Chakula cha mkesha kiko mezani, hakijaguswa. Mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo.

Kabla ya kula hupigwa picha ya familia mbele ya meza ya mababu, kila mwaka. Wamejipanga: Baba katikati kwenye kiti chake cha magurudumu, Teng-fa, wifi, watoto wao wawili, na huyo mchumba, Ching-wen, hata pete bado. Wifi akanipa simu. "Tupige, wifi, wewe mkono wako umetulia."

Nikaipokea kwa mazoea. Nikawatazama kwenye kioo cha simu. Wamebanana vizuri, hakuna hata pengo. Hapo ndipo nikayatoa ya jana. Zile zote za ukutani nani alizipiga? Ya kuhitimu? Za watoto? Mbwa nani alimshika mkia atulie? Nani, Teng-fa?

Teng-fa akainama kumnyoosha Baba kola.

Nikasema sipigi. Mapera yangu yatoke garini yarudi ukutani, na mwaka huu nami nakaa, kando ya Baba.

"Dada, leo usituharibie sikukuu."

Wifi yeye kashangaa kwelikweli. "Sasa ukikaa wewe, atapiga nani?"

Yule binti akainuka, maskini. "Nitapiga mimi, shangazi." Wifi akamvuta mkono, kamkalisha. "Kaa, mwanangu. Wewe sasa ni wa nyumbani."

Wa nyumbani! Kaingia jana! Hata choo bado anauliza kiko wapi!

Nimeondoka na simu yao mkononi. Nimevaa blauzi yangu nzuri. Nimepaka mdomo. Nimewaambia kwa sauti sharti langu ni lile lile. Nasikia viti, nasikia Teng-fa ananong'ona, Baba anagonga kijiko kwenye kiti. Supu inapoa, ipoe!

Hatua hizo. Ni wifi, anagonga mlango, taratibu.

"Wifi? Basi tupe simu tu."

Simu tu!