Aliyewashitaki Punda Wetu

Alhamisi, Makambako.

Jua halijatoka tangu asubuhi. Ukungu umekalia mabati ya soko, na upepo unaingia chini ya mlango hadi nimeziba kwa gunia. Mbele yangu, kwenye mashine ya kufumia, kuna sweta la shule la kijani, limebaki mkono mmoja. Mwenyewe amelifuata mara mbili. Tangu Jumanne sijafuma hata mstari.

Nimesalitiwa.

Basi, nimeliandika. Sasa naweza kuendelea.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi nafuma masweta ya wanafunzi, na kwa miaka sita sasa mimi na dada Editha tumekuwa tukitunza punda waliotupwa na wenyewe baada ya kuzeeka au kuumia. Dada Editha ni afisa mifugo mstaafu. Tulifahamiana kwa sababu ya punda jike aliyeachwa kando ya reli, mgongo wote kidonda kwa kubebeshwa magunia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nalia tu. Yeye alikuwa anatoka sokoni, akaweka mfuko wake chini, akaniambia, "Usilie. Shika kichwa chake." Nikashika. Akakisafisha kidonda kwa maji ya chupa na kipande cha khanga yake.

Tangu siku ile nilimfuata kama mtoto anavyomfuata dada yake mkubwa.

Sasa wako kumi na wanne, kwenye shamba lake kule Kichiwa. Mimi nahangaika na pumba na dawa, yeye anawatibu na ndiye anayeamka nao kila siku.

Mwezi wa tatu tukaletewa notisi kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya. Kituo hakijasajiliwa, na punda wanashukiwa kuwa na ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Tuwaondoe wilayani kwa vibali ambavyo kwa mnyama anayeshukiwa ugonjwa havitolewi, la sivyo watachukuliwa na kuteketezwa. Hilo ndilo neno lililoandikwa. Kuteketezwa, kama mahindi yaliyooza.

Usajili ni fomu, tungejaza. Lakini ugonjwa? Nilimuuliza dada Editha, maana yeye ndiye mtaalamu. Alitazama chini, akasema watu wa ofisini wana mambo yao. Nikadhani ameumia kama nilivyoumia mimi. Nikamwambia usijali dada, tutatafuta wakili.

Nikajitosa. Kila sweta la tatu nililofuma lilikuwa la kumlipa wakili. Sokoni wakanipachika jina, Mama Wakili wa Punda, na wengine walikuwa wanalia kama punda nikipita. Sikujali. Mchungaji alituruhusu kufanya mnada baada ya ibada, na watu ambao sikuwategemea wakaleta kuku, viazi, parachichi. Mjane mmoja alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni akakiweka mezani kiuzwe. Mzee Fute, aliyesafiri kutoka Kidugala kwa ajili ya siku hiyo, alileta debe la maharage, akalinunua mwenyewe, kisha akalirudisha mezani liuzwe tena.

Na dada Editha alisimama mbele. Nilimshika mkono nikamsimamisha. Alisema, "Hawa hawana kinywa. Sisi ndio kinywa chao." Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nililia.

Sasa Jumanne.

Nilikwenda Njombe kwa Wakili Grace, peke yangu, kwa sababu dada Editha alisema magoti yanamsumbua na baridi hii. Wakili alikuwa ameomba ofisini nakala ya jalada letu, na lilikuwa limefika. Hakulifungua mara moja. Aliniuliza habari za nyumbani, akaniuliza nimekula, kisha akanisogezea karatasi moja.

"Mama Neema, huyu mtaalamu aliyeandika malalamiko, mnafahamiana?"

Sikuhitaji kufika kwenye sahihi. Ule mwandiko ninaujua, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Ndio ulioko kwenye daftari letu la matibabu, ukurasa kwa ukurasa. Aliandika kwamba yeye, akiwa mtaalamu mstaafu na mwenye shamba, ana wasiwasi na afya ya punda hao, kwamba ameona dalili za ugonjwa unaoambukiza, na kwamba anaiomba ofisi iwaondoe. Chini kabisa aliomba jina lake lisitajwe.

Barua iliandikwa wiki mbili kabla ya notisi. Kabla ya sweta la kwanza, kabla ya mnada. Kabla sijamshika mkono kanisani.

Niliomba maji. Wakili akafunga dirisha, akidhani nasikia baridi. Nilipotoka nilizunguka mjini bila kujua naenda wapi, na nikajikuta mbele ya muuza viatu ananiuliza navaa namba gani. Nilishindwa kumjibu. Akaniuliza tena taratibu, kama anaongea na mgonjwa.

Jana nilikwenda Kichiwa.

Nilimkuta nyuma ya jiko, anamwagilia miche ya parachichi kwenye mifuko myeusi. Miche mingi, imepangwa safi hadi kwenye ua. Nimepita pale mara ngapi mwaka huu? Niliiona. Sikuwahi kuuliza itapandwa wapi.

"Kamwene, mdogo wangu," akanisalimu.

Sikuitikia. Kwa mtu wa huku, hilo peke yake ni tusi.

"Dada, barua nimeiona."

Hakuuliza barua ipi. Aliweka kopo chini, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuambia nimechoka," akasema. "Ulipoleta wale wanne wa mwisho, nilikuambia. Ukacheka. Ukasema tutapumzika mbinguni."

Ni kweli nilisema. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama.

"Ungeniambia niwaondoe. Shamba ni lako."

"Kwako wewe hilo linasemeka? Wanangu wanapiga simu kila wiki, mama shamba lipandwe, mama shamba limekaa bure. Wewe nawe unaingia na punda mwingine, machozi yanakutoka. Nikaona ofisi ikisema, utaisikia ofisi. Mimi na wewe tusigombane."

"Wana ugonjwa?"

"Hawana."

Alisema hivyo hivyo, bila kusita, kama ninavyoulizwa mimi kama uzi wa bluu upo.

"Ukaandika wauawe, dada."

"Sikuandika wauawe! Niliandika waondolewe. Hilo jingine wameliongeza wao."

"Umefanya kazi hiyo mpaka umestaafu. Hukujua kwamba wangeliongeza?"

Alianza kuokota majani makavu kwenye miche.

"Na kanisani?" nikauliza. "Kile kinywa ulichosema kilikuwa cha nani?"

"Uliniita mbele. Ulinishika mkono mbele ya watu wote. Ningesema nini, Mama Neema?"

Punda walikuwa wamesikia sauti yake. Wakaja mmoja mmoja mpaka kwenye uzio, na yule dume kipofu akatanguliza pua, akaitafuta aproni yake, akaipata. Naye akamkuna nyuma ya masikio bila kumwangalia, kama anavyofanya siku zote. Nakiri jambo la kijinga: nilitaka punda yule amkatae. Nilitaka angalau mmoja arudi nyuma. Hakuna aliyerudi. Wamemzunguka, mimi nimesimama pembeni na mkoba wangu.

Niliondoka bila kuaga.

Leo nimekaa na jambo hili asubuhi yote, na siwezi kulipanga likakaa sawa. Kuna wakati nasema mama wa watu alichoka, ana magoti, ana watoto wanaomsukuma, na rafiki yake alimcheka. Hilo ni langu, na nitalibeba. Halafu nakumbuka yule mjane anavua kitenge chake mbele ya watu, na dada Editha amekaa benchi la mbele anamtazama. Anamtazama! Anajua ugonjwa haupo, anajua wakili anatafutwa kupambana na barua yake yeye, na anamwacha mjane avue kitenge.

Kuchoka ningemsamehe siku ile ile. Hilo la kitenge sijui nilifanye nini.

Saa nne wakili alipiga simu. Alinieleza polepole, na akarudia. Kitu pekee kinachoshikilia habari ya ugonjwa ni barua hiyo. Tukiiweka mbele ya kikao kitakachosikiliza pingamizi letu, tukapeleka na daktari mwingine awapime punda, notisi haitasimama. Lakini dada Editha ataitwa, na ataulizwa mbele ya wenzake wa zamani kwa nini aliandika asichokiona. Njia nyingine ni kunyamaza, tubishane juu ya usajili tu, tuombe huruma. Hiyo haimwaibishi mtu. Wakili hakunificha: huruma wanaweza kukataa, na siku zilizobaki ni chache.

"Wewe ndiye mteja," akasema. "Fikiria, uniambie leo."

Saa sita ukaingia ujumbe wa dada Editha kwenye simu. "Wamekunywa maji wote. Kipofu anakohoa, nimempa dawa. Usiwe na wasiwasi naye." Hakuna samahani, hakuna neno la jana. Nimeusoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Sikujibu.

Nilimpigia Mzee Fute. Nikamwambia hata tukishinda, punda hawawezi kubaki Kichiwa, na sikusema sababu. Akasema ana eneo lake Kidugala limepumzishwa, wakae hapo mpaka mvua zianze, baadaye tutaona. Sijui nimshukuruje. Kisha akauliza, "Na Editha anasemaje?"

Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu. Mzee wa watu, na mimi nikamdanganya.

Nikampigia wakili. Nikamwambia aiweke barua mezani.

Sauti yangu ilitoka imara, nikajishangaa. Nitaandika ukweli hapa kwa kuwa hapa ndipo ninapouandika: sehemu yangu moja ilifurahi. Nilimwona dada Editha amesimama mbele ya kikao na aproni yake, hana la kusema, na nikafurahi kabisa, kama dakika nzima. Furaha ilipoisha nilibaki na sweta lisilo na mkono mmoja.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya furaha hiyo. Nadhani. Punda ni kumi na wanne, na watu walitoa walichokuwa nacho ili watetewe. Sikuwa na haki ya kuwanyima kwa sababu anayewashitaki ni mtu ninayempenda.

Jumapili wakiniuliza kanisani kesi imefikia wapi, nitasema kuna barua ya uongo na tutaipinga. Jina sitalitaja. Watalijua tu, Kichiwa si mbali, lakini halitatoka mdomoni mwangu.

Wito wa kikao utatoka wiki ijayo. Sitaki aupate kutoka kwa mtu wa ofisini aliyebeba bahasha. Kesho asubuhi napanda Kichiwa, nimwambie mwenyewe, namtazama: dada, nimekuchongea, na ni mimi, usitafute mwingine. Sijui nitaanza na neno gani. Nitamsalimu kwanza, hilo naliweza.

Na ninamfahamu. Kabla sijafungua mdomo atakuwa ameshavuta kigoda karibu na moto na kunimiminia chai.

Nitainywa?