Nyaya Mbili za Mkwela

Ghala la Kahawa, Mbinga
9 Januari 1995

Dada Asteria,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani Matiri mama hajambo, isipokuwa goti linamsumbua akipanda kwenye ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mlimani. Mvua imeshika. Natumaini wewe na mke wangu Ida mko salama.

Mansuetus, dereva wa lori letu, anakuletea sanduku. Ndani mna tyuna na baluni, vifaa vya redio alivyoniachia Bruda Kilian wa misheni aliporudi kwao. Antena niliyofunga hapo zahanati inashuka kwa nyaya mbili, na katikati kuna vijiti nilivyovichemsha kwenye nta visinywe maji. Nyaya hizo ni kama watu wawili wanaobeba machela: kila mmoja achukue uzito sawa na mwenzake, na waachane nafasi ile ile mpaka mwisho. Redio yenyewe haikuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo, ndiyo maana katikati tunaweka baluni ipatanishe. Tyuna uizungushe taratibu huku umebonyeza maiki, mpaka mshale wa pili, wa nguvu inayorudi, ulale. Basi.

Kila siku saa moja asubuhi nitakuwa kwenye redio ya ghala. Unajua Ida alipasuliwa uzazi wa kwanza, na daktari amekataza asijifungulie zahanati. Likizo yake inaanza mwisho wa Machi, mtoto ni wa mwisho wa Aprili. Likitokea lolote kabla ya hapo, niite, nami nitakimbia hospitali waniteremshie Land Rover.

Wanunuzi binafsi wa kahawa wameingia na magari mapya, na wakulima wanawafuata. Sisi wa ushirika tunasubiri kuambiwa.

Mdogo wako,
Wendelin


Zahanati ya Mkwela, Ziwa Nyasa
30 Januari 1995

Mdogo wangu,

Marahaba, na milele amina. Sisi hatujambo. Wifi yangu miguu imevimba kidogo, presha bado nzuri. Anafundisha amekaa, watoto wamempa jina Mwalimu Kiti. Amelijua, na amemwadhibu mmoja tu.

Redio wiki ya kwanza ilikuwa kama tumekaa wote jikoni kwa mama. Tangu upepo mkali uliopita hapa, mimi nakusikia, wewe hunisikii. Mshale wa pili haulali hata nizungushe nini. Sanduku la baluni linapata moto. Maiki inaniunguza midomo. Lidia, muuguzi mwenzangu, anasema ni malipo ya kusengenya.

Dagaa wa usipa aliobeba Mansuetus ni wako na mama. Usiwamalize peke yako.

Dada yako,
Asteria


Mbinga
13 Februari 1995

Dada,

Shikamoo. Nimepokea barua na usipa. Mama anashukuru, ingawa walimfikia wachache.

Baluni ikipata moto maana yake inabebeshwa isichokiweza. Nadhani iliingia maji. Hii ninayotuma nimeisuka mwenyewe, badilisha. Midomo kuungua ni umeme wa antena unaorudi ndani kwa sababu upande mmoja umezidiwa na mwingine. Swali langu: kuna mtu amegusa nyaya? Niambie hata kama ni jambo la kijinga.

Kila asubuhi naita nasikia mvumo mtupu. Mwambie Ida nipo.

Wendelin, mdogo wako


Mkwela
27 Februari 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Baluni mpya imefungwa, moto ni ule ule. Jana uliita "Mkwela, Mkwela" mpaka Ida akaijibu redio: "Nipo hapa, mwanamume, kelele za nini?" Tukacheka. Wewe ukaendelea kuita, naye akaacha kucheka akatoka nje.

Kuhusu nyaya, hakuna aliyezigusa. Ni mlinzi wetu tu, mzee Bartholomayo, aliyezitengeneza baada ya ule upepo zisichezecheze. Yule amekulia kwenye nyavu. Alisema, "Aliyefunga hii hajafundwa. Nani anaacha nyuzi mbili hivi hivi bila kuzisokota?" Amezisokota zikawa kamba moja safi, akaikaza juu ya bati. Vijiti vyako amewashia moto, anavisifu sana kwa sababu ya nta. Kwa hiyo upande wa nyaya usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Asteria


Mbinga
13 Machi 1995

Dada,

Shikamoo. Ugonjwa ni huo huo. Nyaya zikisokotwa hazina tena nafasi kati yake, nguvu ya redio inaishia humo humo njiani, na kwa kulala juu ya bati upande mmoja unavuja. Hakuna tyuna inayoweza kupatanisha hapo. Usimgombeze mzee, kwa wavu alikuwa sahihi. Azisokotoe, aweke vijiti vipya vya mwanzi mkavu, nafasi ya shubiri, na zikae mbali na bati mpaka dirishani.

La pili. Ida asisubiri likizo. Apande huku Mbinga sasa. Huko mteremkoni barabara imeanza kukatika. Land Rover inapita, lori la Mansuetus ni la kubahatisha, na ndiye ninayempa barua hii.

Wakubwa wamekuja kukagua mali za ghala. Wameandika mpaka viti.

Mdogo wako,
Wendelin


Mbinga
23 Machi 1995

Dada,

Juzi wamechukua redio. Ghala linafungwa, vitu vinakwenda mnadani. Niliomba waniachie asubuhi moja tu niite, wakasema funguo zimeshakabidhiwa.

Usiite tena. Hakuna anayesikiliza Mbinga. Ida akipata tatizo mpakieni mtumbwini mpeleke hospitali ya Mbamba Bay, msingoje gari. Ningekuja mwenyewe, lakini asiyekuwepo kwenye makabidhiano anahesabiwa ameacha kazi, nasi bado tunakabidhi. Yakiisha nitashuka.

Lori limekwama na Mansuetus amepunguzwa kazi. Nampa barua hii katekista anayeteremka kwa miguu.

Wendelin


Mkwela
4 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Ida yu hai. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, usije ukasikia kwa wengine.

Barua yako ya nyaya ilichelewa sana njiani. Ilipofika nilimsomea Bartholomayo. Alichukua ngazi. Alichonga mwanzi siku nzima. Asubuhi iliyofuata nilibonyeza maiki na mshale wa pili ukalala kama ulivyosema. Baluni ilikuwa baridi. Nilifurahi, maana siku kadhaa nilikuwa sikusikii tena, nikadhani ni ugonjwa ule ule wa nyaya.

Saa hiyo hiyo Ida alishikwa na uchungu, kabla ya wakati, na maumivu yalikuwa kwenye kovu. Bartholomayo alikuwa ameshaita wapiga kasia. Akasema, "Sista, ziwa limetulia, twende." Nikamwambia, "Ya nini kumtupa mgonjwa kwenye mtumbwi na gari linashuka? Redio imepona." Nikakuita. Ulipokosa kujibu nikadhani umetoka kidogo. Nikaita tena. Mzee alisimama mlangoni na kasia mkononi, na kila akifungua kinywa nilimnyamazisha ili nikusikie wewe.

Jua lilikuwa limepanda sana alipojibu mtu. Ni mtu wa ng'ambo, upande wa Malawi, ana redio ya kujifurahisha kama Bruda Kilian. Alisema Kinyanja, Bartholomayo akanifasiria: "Anasema sauti yako ni safi kabisa, mama. Amekusikia tangu asubuhi. Alinyamaza kwa adabu, asimzibe Mbinga wako. Sasa anauliza, huyo Mbinga yupo kweli?"

Ndipo tukampakia mtumbwini hadi Mbamba Bay. Walimpasua jioni. Daktari alisema laiti tungefika mapema kidogo. Mimi ni mkunga, nilimwelewa.

Mtoto tumemzika huko huko. Barua yako ya kusema redio imechukuliwa nimeikuta hapa, katekista ameiacha juu ya redio. Nilirudi nayo wodini Mbamba Bay nikamsomea Ida. Aliniuliza jambo moja tu, kama makabidhiano yamekwisha.

Bartholomayo ameuliza kama azishushe nyaya. Nimemwambia aziache, zinafanya kazi.

Usiandike. Njoo.

Dada yako,
Asteria